Mwaka Niliouzunguka Mlima Meru kwa Baiskeli

Mama mkwe wangu tulimzika kijijini Akheri siku ya Jumamosi, kwenye manyunyu ambayo hayakumfanya mtu yeyote afungue mwavuli. Kanisani nilikaa benchi la pili, pamoja na wifi zangu. Binti yangu Elifuraha, ambaye wote tunamwita Furaha, ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Ni daktari wa mifugo, mtu mzima mwenye watoto wake, na sauti yake haihitaji kipaza. Alisoma vizuri toka mwanzo hadi mwisho, na kila alipomtaja bibi yake alisema "mama." Mama alinifundisha kukamua. Mama alinipeleka shule siku ya kwanza, akanisubiri getini hadi saa sita. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Watu wa Akheri wanajua, na wamejua kwa muda mrefu kiasi kwamba si habari tena. Mimi pia sikuumia. Nilikuwa nimeshika kitabu cha nyimbo mapajani, naangalia koti la mwanamume aliyekaa mbele yangu. Mshono wa begani ulikuwa umeanza kuachia, nikawaza kwamba kuna mtu angepaswa kumwambia.

Ganzi hiyo naifahamu. Ilinijia mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na mitatu, ikakaa nami mwaka mzima, na tangu hapo hunitembelea kwenye misiba kama jamaa asiyebisha hodi. Mwaka ule nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga chumba Sakina, mjini, nyuma ya gereji. Kilikuwa na kitanda, meza, jiko la mafuta ya taa, na dirisha lililotazama uwanja ambako mafundi waligonga mabati ya magari toka asubuhi. Nyuma ya mlango lilining'inia koti la mume wangu, Anaeli. Alikuwa mpasua mbao. Mwezi wa tatu, mti waliokuwa wakiukata uliangukia upande ambao hawakuutarajia, na aliyekuwa upande huo ni yeye. Tulikuwa tumeishi pamoja mwaka mmoja na miezi michache. Furaha alikuwa na miezi mitano.

Katika msiba ule sikulia. Nilikaa juu ya mkeka ndani kwa mama mkwe, mtoto yuko mapajani, nikawasikia wanawake waliokuwa wakimenya ndizi nje ya dirisha. Mmoja alisema, "Hajatoa chozi hata moja, nimemwangalia." Mwingine akasema, "Labda bado halijamfika." Wa kwanza akajibu, "Limfike lini, na kaburi limeshafukiwa?" Wakaendelea kumenya. Nilisikia kila neno, na nilichokiwaza ni kwamba visu vyao ni butu, maana maganda yalikuwa yakitoka na nyama nyingi. Siku ya nne maziwa yangu yakakauka. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena, akaachia. Mama mkwe, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Anaeli, alimchukua mtoto, akaenda naye jikoni, akachemsha maziwa ya ng'ombe na maji. Tangu siku hiyo mtoto alikaa kwake. Mimi nilirudi Sakina kufundisha. Ijumaa nilikwenda Akheri, Jumapili jioni nikarudi mjini. Nilimbeba Furaha kama ninavyobeba madaftari ya wanafunzi: kwa uangalifu, nisiangushe hata moja.

Likizo ya mwezi wa sita ilipokaribia, mchungaji wa usharika wetu alikuja kwa Mama Anaeli siku ya Jumapili baada ya ibada. Usharika ulikuwa ukijiandaa kuadhimisha miaka ya injili kufika Meru, naye alitaka mtu mwenye mwandiko mzuri apite kwenye makanisa ya zamani yaliyouzunguka mlima. Tulikunywa chai. Mchungaji aliweka kikombe chini, akasema, "Mwalimu, nataka uniandikie kilichochongwa milangoni, kilichoandikwa makaburini, na wanachokumbuka wazee. Hayo tu." Nikamwambia nitakwenda. Akasema baiskeli ya mwinjilisti ipo, ni ya kike, haina bomba la katikati. "Utakwenda na nani?" Nikasema, "Peke yangu." Hapo akamgeukia Mama Anaeli, kwa sababu mimi nilikuwa mjane wa nyumba ile, na mjane wa miezi mitatu hapandi baiskeli akatokomea mlimani. Mama Anaeli alikuwa amempakata Furaha, anamlisha uji kwa kidole. Hakuinua macho. "Mwache aende, Mchungaji," alisema. "Hata hapa hayupo."

Niliondoka Sakina Alhamisi asubuhi. Nilivaa suruali ya Anaeli chini ya sketi, nikafunga kwenye keria begi lenye madaftari mawili, kanga, sweta, pampu na solusheni ya kuzibia pancha. Barabara ya Nairobi ilikuwa na ukungu, na malori yalinipita yakiwa yamewasha taa. Nimewasikia watu wakisimulia safari zao za peke yao kwamba walijisikia huru. Mimi nilisikia magoti. Mlima ulikuwa kulia kwangu lakini sikuuona siku nzima. Mwezi wa sita Meru hujifunika, nawe unabaki kujua upo kwa jinsi tu barabara inavyopanda. Kina mama wa Ngaramtoni waliokuwa wakienda sokoni walinijadili bila kupunguza sauti. "Huyu ni sista?" "Sista gani anavaa suruali?" "Basi ni wa sensa." Nikawaamkia shikamoo, wakaitika marahaba, na walipoona natumia adabu ya kawaida wakapoteza hamu na mimi.

Kanisa la kwanza lilikuwa la mawe, dogo kuliko nilivyotarajia, na bati lake lilikuwa limepakwa rangi nyekundu mara nyingi hadi likawa na magamba. Juu ya mlango kulikuwa na maneno ya Kijerumani na mwaka ambao tarakimu yake ya mwisho ilikuwa imemomonyoka. Mzee wa kanisa alinipeleka makaburini, akavuta nyasi kwa mkono ili nisome. Wamisionari walikuwa na mawe yenye majina kamili na aya za Biblia. Wainjilisti wetu, waliotembea kwa miguu kutoka boma hadi boma wakifundisha watu kusoma, walikuwa na misalaba ya saruji, mingi haina jina. Nikamuuliza huyu ni nani. Akajibu, "Huyu ni babu wa mke wangu." Na huyu? "Huyu alifundisha kuimba." Jina? Akakuna kidevu. "Jina lake tulikuwa tunamwita Mwalimu." Niliandika hivyo hivyo. Leo daftari lile lingekuwa mali, lakini nilimkabidhi mchungaji, na sijui liko wapi. Kwa mzee yule nilikula makande, nikalala chumba cha binti zake, ambao waliniuliza kama mjini kweli kuna wanawake wanaoendesha magari.

Siku ya pili nilifika Oldonyo Sambu, upande ambao mlima unaanza kuwa mkavu na upepo hauna kizuizi. Kanisa la huko lilikuwa la miti na udongo, halina cha kuandika, ila niliambiwa kuna nyumba ya mlowezi wa zamani, nikaenda kuiona. Zilibaki kuta mbili na bomba la moshi. Ndani ya kilichokuwa sebule walikuwa wamefungwa mbuzi. Bibi mwenye mbuzi alikuwa Mwarusha, mrefu, masikio yake yametogwa na kuvutwa hadi karibu na mabega. Nikamwamkia, "Takwenya, koko," akaitika, "Iko," akacheka kwa jinsi nilivyolitamka. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kimaa changu kidogo zaidi, lakini tulielewana. Alinikaribisha kwake, akaniwekea loshoro kwenye kibuyu, mahindi laini na maziwa ya mgando yaliyokuwa bado na harufu ya moshi, akakaa kwenye kigoda kunitazama nikila. Alipoona nimeshiba akauliza ninakotoka, na baba yangu ana ng'ombe wangapi, na mume wangu yuko wapi. Nikasema amefariki. Akatikisa kichwa. Kisha akauliza, "Watoto?"

Nikasema, "Sina."

Nimelifikiria neno lile zaidi ya neno jingine lolote nililowahi kulitamka. Silikumbuki kama uongo. Halikuniponyoka, na wala sikuogopa kuulizwa maswali zaidi. Nililisema kama mtu anayeulizwa kama ana kiberiti. Yule bibi aliweka kiganja chake kichwani kwangu, akaomba kwa Kimaa, na kutokana na maneno machache niliyoyajua nilielewa kwamba ananiombea mtoto. Nikasema amina. Nikaosha kibuyu, nikalala, nikaamka nikiwa nimepumzika. Hilo ndilo ninaloona vigumu kulisimulia hadi leo, kwamba nililala vizuri.

Siku ya tatu sikuwa na kanisa njiani. Nilikata upande wa kaskazini kwa njia ya vumbi, ambako ng'ombe walikuwa wengi kuliko watu, na sehemu kubwa nilisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Pancha mbili. Ya pili niliziba nikiwa nimekaa chini ya mgunga ambao kivuli chake hakikutosha hata gurudumu. Ukungu ulibaki upande wa kusini, kwa hiyo hapo ndipo nilipouona mlima wote kwa mara ya kwanza, na Kilimanjaro mbali kushoto. Upande ule Meru una tumbo lililopasuka. Unaiona kreta kama nyumba iliyoondolewa ukuta wa mbele. Nilitazama, nikamaliza kuziba, nikaendelea. Jioni nilishuka Ngarenanyuki, ambako kuna mifereji na nyanya na ndizi tena, nikaulizia nyumba ya Bibi Elieshi, ambaye mchungaji alikuwa ameniandikia jina lake.

Bibi Elieshi alikuwa mjane wa mwinjilisti, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, na alikuwa mmoja wa wale waliofukuzwa pale wakati wa ukoloni, Wameru walipoondolewa Ngarenanyuki ili mashamba wapewe Wazungu. Alinisimulia tukiwa jikoni, yeye akisonga ugali, mimi daftari gotini. Askari walikuja, wakaamuru watu watoe vitu nje, kisha nyumba zikachomwa. "Mume wangu aliuliza tubebe nini. Nikamwambia tubebe mlango. Ulikuwa mlango mzuri wa mbao, alikuwa ameununua mjini. Akaubeba mgongoni hadi huko tulikopelekwa, na huko hatukuwa na nyumba ya kuuweka. Tuliulalia kama kitanda." Nikamuuliza walijisikiaje. Mchungaji alikuwa ameniagiza niulize hivyo. Alinitazama, mwiko uko mkononi. "Mwalimu, mtu akiwa anabeba vitu hajisikii. Unajisikia ukishatua." Akageuza ugali. "Na wengine hawatui. Andika na hilo." Niliandika na hilo.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kanisa lilijaa hadi mlangoni, nikakaa upande wa wanawake karibu na Bibi Elieshi. Mhubiri alikuwa ameanza maombi marefu, watu wameinama, mtoto mchanga akalia kule nyuma. Kilikuwa kilio cha njaa, kile cha kukatika katika, ambacho mama yeyote anakitambua. Kifua changu kikabana. Nikadhani ni uchovu wa kusukuma baiskeli. Kisha nikahisi joto, nikatazama, na mbele ya blauzi yangu kulikuwa na madoa mawili ya maji yanayopanuka. Miezi mitatu nilikuwa mkavu kama karatasi. Mtoto akaendelea kulia na maziwa yakaendelea kutoka, kana kwamba mtu mwingine ndani ya mwili wangu alikuwa ameitwa jina akaitika. Bibi Elieshi alifumbua jicho moja, akaona. Alivua kanga yake mabegani, akanifunika, akafumba tena macho hadi amina.

Nyumbani alinipa maji ya moto na kitambaa. Sikuwa nimemwambia habari ya mtoto, hakuwa ameuliza. Sasa akauliza, "Wa miezi mingapi?"

"Minane."

"Yuko wapi?"

"Akheri. Kwa mama mkwe."

"Mzima?"

"Mzima."

"Basi mwanangu unatafuta nini huku?" Hakuwa mkali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nikafungua mdomo nimweleze habari za makanisa, nikaona haifai kumjibu mtu mzima hivyo, nikakamua kitambaa. Akasema, "Kesho asubuhi linapita lori la nyanya. Usipite mbugani na baiskeli, nyati hawajui kama wewe ni mwalimu."

Asubuhi sikusubiri lori. Nilipanda baiskeli nikaenda hadi Momela, na askari wa hifadhi akanirudisha kwenye kizuizi akicheka, akaniuliza kama nimechoka kuishi. Lilikuwa swali ambalo sikuwa na uhakika nalo. Nikakaa kando ya njia hadi lori likafika, wakaifunga baiskeli juu ya matenga, na mimi nikakaa kati ya dereva na mwanamke mwenye nyanya. Kwa hiyo kusema kweli sikuuzunguka mlima wote kwa baiskeli, ingawa watu husema hivyo na nimewaacha waseme. Twiga walisimama barabarani, dereva akazima injini tukawasubiri. Mwanamke wa nyanya alisema, "Hawa nao wanajivuta." Nilikuwa nimefumbata mikono kifuani, nikiogopa maziwa yasije yakakauka tena kabla sijafika. Hiyo ilikuwa hofu, na niliitambua kwa mshangao, kwa sababu mara ya mwisho nilipoogopa kitu Anaeli alikuwa hai.

Usa River waliniteremsha. Toka hapo hadi Akheri nilikanyaga pedali bila kupumzika, na kilima cha mwisho nilikimbia nikisukuma. Mama Anaeli alikuwa uani, anaanua kunde, Furaha amekaa kwenye mkeka na kijiko. Niliangusha baiskeli. Nilimnyanyua mtoto, nikafungua blauzi pale pale nje, nikampa. Akanusa. Akageuza uso. Nikampa tena, akanisukuma kwa viganja vyote viwili, akalia kwa kuogopa, akinyoosha mikono kwa bibi yake, na alichokitamka, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kilikuwa "mama." Maziwa yalikuwa yakidondoka kwenye vumbi. Mama Anaeli alikuja taratibu, akamchukua. Alimtuliza begani, kisha kwa mkono wake uliobaki akanifunga vifungo vya blauzi, kimoja kimoja, kama ninavyowafunga watoto wa darasa la kwanza.

"Utajaribu tena kesho," alisema.

Nilijaribu kesho, na keshokutwa, na likizo nzima. Siku ya sita au ya saba maziwa yakaisha. Likizo ilipokwisha tulikaa jikoni, mimi na yeye, tukala mtori, na nikamwambia naomba mtoto abaki. Alitegemea niseme hivyo, nadhani, na alitumaini pia nisiseme. "Atabaki," alisema, "lakini wewe usiache kuja. Hata akikukimbia, uje akukimbie." Nilikwenda kila Ijumaa kwa miaka kumi na mitatu, mpaka Furaha alipokuja kwangu kuanza sekondari. Sikuolewa tena. Ile ganzi ilinipungua kidogo kidogo, bila siku ambayo ningeweza kusema ndiyo yenyewe. Tulizoeana, mimi na binti yangu, kama watu wanaokaa nyumba moja ya kupanga na mwishowe wakapendana. Ananiita Mwalimu. Akizungumza nami, humtaja Mama Anaeli kama Bibi. Ni heshima anayonipa, na sikuwahi kumshukuru kwa hiyo.

Jumapili iliyopita, wiki moja baada ya mazishi, alikuja hapa Njiro kunirudishia masufuria yangu yaliyotumika msibani. Tulikaa jikoni, nikampashia wali na njegere. Alikula nusu, akaacha kijiko. "Mwalimu, kuna kitu sijawahi kukuuliza. Ile safari yako ya mlimani, nikiwa mdogo. Ulikwenda kufanya nini?"

Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Nikamwambia habari ya wainjilisti wasio na majina, na mlango wa Bibi Elieshi. Nilipofika kwa yule bibi wa Oldonyo Sambu nilitaka kupita, kisha nikaona kwamba nisiposema leo sitasema, nikamwambia, "Aliniuliza kama nina watoto. Nikasema sina." Furaha alikuwa akisogeza punje za wali pembeni mwa sahani. Nikaendelea hadi mwisho, hadi kwenye mkeka, hadi alivyonisukuma.

"Ilikuwa siku ya ngapi, uliporudi?"

"Ya tano."

Aliinua uso. "Tano? Una hakika?"

"Alhamisi hadi Jumatatu."

"Bibi aliniambia siku moja," alisema Furaha. "Kila mara nilipomuuliza. Alisema, 'Mama yako alipanda baiskeli asubuhi, akafika Ngaramtoni, akashindwa kukaa bila wewe, jioni akarudi.'"

Mama Anaeli hakuwa mtu wa kusema uongo. Aliwahi kusimama kanisani, mbele ya watu wote, kumsahihisha mchungaji aliyekosea idadi ya mifuko ya saruji. Nilisimama nikaenda kwenye sinki, nikafungua maji, nikashika sahani isiyo na uchafu wowote, na hapo, nikiwa mzee, mgongo wangu umemwelekea binti yangu, nilianza kulia, kwa sauti, kama wanavyolia watu msibani, na sikuweza kunyamaza. Nilisikia kiti kikisogezwa. Furaha alikuja akasimama karibu yangu, akafunga maji, akangoja.